SSD mpya haionekani wakati wa kupiga Windows 11: usiirudishe Kariakoo kwanza

Mkuu, hongera kwa kuunga mashine yako mwenyewe, na pole kwa hayo yaliyokukuta. Kwa wanaoingia sasa: jamaa yuko Chumbageni hapa Tanga, kaunga kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel kizazi cha 12 na SSD ya NVMe (ile nyembamba ya kuchomeka kwenye mazabodi) ya 1 TB, vifaa vyote vimetoka Kariakoo vikashukia stendi ya Kange kwa basi. Mashine inawaka, BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows) inaitaja SSD kwa jina lake, lakini akifika pale pa kuchagua diski orodha haina kitu. Fundi kamwambia SSD imekufa, airudishe Dar.

Usiirudishe. Diski iliyokufa ni nadra kujitaja jina na ukubwa wake kwenye BIOS. Huku Ngamiani nimeunga mashine za ndugu na majirani kwa muda mrefu, na tatizo hili nimelikuta zaidi kwenye Intel kuanzia kizazi cha 11. Jambo la kwanza la kulishuku hapo ni VMD.

VMD ni sehemu ya prosesa inayokaa kati ya mfumo na SSD, imewekwa kwa ajili ya wanaounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja (RAID). Ikiwa imewashwa, SSD yako ipo nyuma yake. BIOS inaiona kwa kuwa ina draiva (programu ya kukitambua kifaa) yake yenyewe, lakini flashi ya Windows mara nyingi haina. Baadhi ya mazabodi zinatoka kiwandani VMD ikiwa tayari imewashwa, ndiyo maana mtu hajagusa chochote na bado anakwama.

Usikisie, pima. Ukiwa pale pale kwenye orodha tupu, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Kitafunguka kidirisha cheusi. Andika diskpart, bonyeza Enter, kisha andika list disk. Soma safu ya Size: SSD ya 1 TB huandikwa 931 GB, na flashi ya 16 GB huandikwa 14 GB hivi. Ukiona mstari wa flashi peke yake, nenda kwenye VMD. Ukiona na 931 GB, basi draiva si tatizo, huenda tatizo ni mpangilio wa diski. Mashine inayowaka kwa UEFI (BIOS ya kisasa) inataka diski iliyopangwa kwa GPT (mtindo mpya wa kupanga diski), na diski ya GPT huwa na alama ya nyota mwisho wa mstari wake. Kama nyota haipo, andika select disk na namba ya SSD, halafu clean, halafu convert gpt.

Hiyo clean haikuulizi mara mbili, inafuta palepale. Kwa hiyo kabla ya kuanza chomoa waya wa diski nyingine yoyote iliyomo kwenye kasha. Jirani yangu wa Makorora alikuwa na HDD ya zamani yenye picha za harusi na nakala za vyeti vya watoto. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchomoa waya wake wa SATA, nikamkabidhi HDD mkononi, ndipo nikagusa kibodi. Kuna sababu nyingine pia: Windows ikikuta diski mbili inaweza kuweka partisheni ya kuwashia kwenye ile ya zamani, na siku ukiitoa mashine haiwaki.

Turudi kwenye VMD. Ingia BIOS, tafuta neno VMD kwenye mipangilio ya juu (kila kampuni inaificha mahali pake, kwa hiyo pitia menyu polepole), iweke Disabled, hifadhi kwa F10, anza upya. Kwa mwenye SSD moja nyumbani hii ndiyo njia ninayoipenda, RAID haina kazi kwako. Ukitaka kuiacha imewashwa, shusha draiva ya Intel RST (ndiyo inayoiwezesha Windows kuiona SSD nyuma ya VMD) kutoka ukurasa wa kampuni iliyotengeneza mazabodi yako, fungua faili la zipu, weka folda kwenye flashi, kisha kwenye ile orodha tupu bonyeza Load driver na uichague folda yenye faili la .inf. Chagua njia moja ubaki nayo. Ukipiga Windows VMD ikiwa imewashwa halafu ukaja kuizima, Windows itagoma kuwaka na kukuletea kioo cha kosa chenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Kama kwenye BIOS yako hakuna VMD kabisa, ishuku flashi. Kuna ujumbe unaosema "A media driver your computer needs is missing", na wengi wanaukimbiza kwenye SSD, kumbe mara nyingi flashi ni mbovu au faili lilishuka na kasoro. Wengi wetu hapa Tanga tunashusha kwa bando la simu, na faili la Windows 11 linazidi GB 5, kwa hiyo kukatika njiani ni jambo la kawaida. Microsoft wanaweka namba ya SHA256 (alama ya kuhakiki faili halikuharibika) ya kila faili kwenye ukurasa wa kushushia. Kwenye kompyuta uliyoshushia fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, jina la faili, na SHA256, kisha linganisha. Pia usinakili mafaili kwa mkono kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, kwa kuwa haipokei faili linalofika GB 4 na install.wim (faili kubwa la Windows) mara nyingi linapita hapo. Tumia Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya Windows), na uchomeke flashi kwenye tundu la nyuma, si la mbele ya kasha.

Fundi akikushauri usasishe BIOS, subiri kwanza upate UPS, hata ya kuazima. Umeme ukikatika wakati wa kupiga Windows unaanza upya tu, lakini ukikatika BIOS ikiwa inaandikwa, mazabodi inaweza isiwake tena.

Windows 11 ikikataa kwa sababu ya TPM (sehemu ya usalama inayoitaka), ingia BIOS uwashe PTT (TPM ya ndani ya Intel) na Secure Boot. Usirudi Windows 10, msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025.

Mashine ikijizima na kuwaka mara ya kwanza, chomoa flashi, la sivyo inaweza kukurudisha mwanzo. Halafu utaombwa intaneti, na huenda kadi ya mtandao ya mazabodi mpya isitambulike. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering, utaendelea.

Fanya kipimo cha diskpart leo, kisha weka hapa picha ya kile kidirisha pamoja na jina kamili la mazabodi, nikuoneshe VMD ipo menyu gani.