Haya, kuruta, twende tukakague

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mzee gani aliyekwisha kututangulia ungependa vijana wamjue, na kwa lipi?" Mimi namtaja babu mzaa mama, sajini mstaafu wa JWTZ, tuliyemzika kiangazi kilichopita wilayani Bahi, mkoa wa Dodoma.

Msibani kila aliyesimama alisimulia vita, na ni haki yake babu. Alikuwa kijana mdogo majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978 na kulivunja daraja la Kyaka, na alikuwa hai Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Sehemu kubwa ya safari ile waliikata kwa miguu, bunduki begani. Lakini vita ile ilichukua miezi. Porini aliishi zaidi ya miaka 25 baada ya kustaafu, na maisha hayo hakuna aliyeyagusa hata kwa neno moja. Liliniuma.

Babu hakusema anakwenda kutembea. Alisema anakwenda kukagua. Alfajiri angegonga dirisha letu: "Haya, kuruta, twende tukakague." Tulimfuata mmoja nyuma ya mwingine, kimya, mpaka jua lichomoze. Alikagua mibuyu, nyayo za usiku, vichuguu, mizinga yake ya nyuki. Akisikia mlembe analia kwa fujo juu ya mti alisimama na kutuambia tumsikilize, maana ndege yule huwaongoza watu kwenye asali, na ukishaipata ni lazima umwachie masega yake. Jioni aliandika kwenye daftari la shule: leo mbuyu wa kisimani umetoa majani, leo korongo wamefika, leo mvua ya kwanza. Mibuyu hutoa majani kabla mvua haijashika, na kwa daftari lile wanakijiji walikuwa wakimuuliza kama wakati wa kuandaa shamba la uwele umefika. Wakipita mlangoni na salamu yao ya Kigogo, "mbukwenyi", yeye alishalifungua ukurasa.

Vita aliitaja mbele yangu mara moja tu. Tulikuwa ukingoni mwa kinamasi cha Bahi, pale Mto Bubu unapoishia, ndege wamejaa majini. Akasimama muda mrefu. "Lukaya kulikuwa na matete kama haya," akasema, akimaanisha kule Uganda walikopigana. "Usiku ule sikusikia ndege hata mmoja." Kisha akaanza kuwahesabu korongo kwa sauti, na mimi nikahesabu naye. Sikuuliza. Tangu siku hiyo nikaelewa kwa nini alitaka asubuhi ziwe na sauti za ndege, na kwa nini watoto wenye manati walikuwa wanamkimbia.

Ninachotaka vijana wa Dodoma wakijue hasa ni visiki. Mashamba yetu yana visiki vya milama na migunga ambavyo juu vimekatwa, chini mizizi ni mizima. Kila mwaka huchipua, kila mwaka tunafyeka, halafu tunalalamika jangwa. Babu hakununua mche hata mmoja maishani mwake. Alitafuta kisiki kinachochipua, akachagua machipukizi, akafunga kitambaa chekundu ili wachungaji wajue kina mwenyewe. Kando ya shamba lake sasa pana kivuli ambacho mbuzi wa kijiji kizima hupumzikia saa saba mchana, na chote kimetokana na visiki ambavyo wengine walikuwa wanaving'oa kwa kuni. Kisiki cha namna hiyo watu hukiita kisiki hai. Yeye alikiita majeruhi.

Mwezi uliopita jirani yetu alikuja kuniuliza, mimi mjukuu, abakishe machipukizi mangapi. Nikamwambia kama nilivyoambiwa: mawili au matatu, yaliyonyooka na yenye nguvu kuliko mengine. Mengine yote yakate kwa kisu kikali, ukianzia chini kwenda juu, usije ukachana gome.