Mwache Mtoto Auze: Biskuti za Girl Scouts, Haya Zetu, na Zile Ninazonunua Dukani

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mama mmoja aliyehamia hapa Kentucky na familia yake. Aliandika: “Dada, shikamoo. Binti yangu yuko darasa la tatu, amejiunga na Girl Scouts, chama cha skauti wa kike, sasa amerudi na habari za kuuza biskuti. Mimi naona haya kuwafuata watu na kuwaomba hela. Halafu hizo biskuti zenyewe sizijui, nikiulizwa ipi nzuri sina jibu. Nifanyeje?”

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimeulizwa na akina mama wengi wa hapa Louisville, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, na kila mara wanaliuliza kwa sauti ya chini, utadhani mtoto ameleta kesi nyumbani. Nakujibu hapa ili wote wasikie. Na haki ya kujibu ninayo, maana msimu uliopita binti yangu ndiye aliyeongoza kwa mauzo katika kikosi chao. Mtoto huyu tulipofika nchi hii alikuwa hana Kiingereza cha kuombea maji.

Nianze na hiyo haya, kwa sababu ndiyo inayotufunga miguu. Mtu wetu huyuhuyu anayeona haya kumuuzia jirani boksi la biskuti atakupa kadi ya mchango wa harusi ya binamu yake bila kupepesa macho, na atakupigia simu kila Jumapili mpaka utoe. Sisi ni watu wa michango: harusi, msiba, kusafirisha mwili, kumsaidia mgonjwa. Tunachanga na tunachangisha. Kwenye biskuti, anayetoa hela anaondoka na kitu mkononi. Haya ya nini?

Mimi ilinitoka mapema. Mama yangu aliuza vitumbua Ngamiani, Tanga, na mimi ndiye niliyebeba beseni alfajiri kabla ya kwenda shule. Nilijua nani ananunua kila siku, nani anakopa, nani lazima umsalimie kwanza na kumuuliza hali ya wajukuu ndipo atoe hela. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kikosi chao kitauza biskuti ili waende kambini, sikuona aibu hata chembe. Nilifurahi. Nikasema huyu sasa atajifunza kazi ya bibi yake.

Na hawa Wamarekani walianza kwa njia ileile. Girl Scouts iliasisiwa na Juliette Gordon Low mwaka 1912 huko Savannah, Georgia, baada ya kukutana na Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, yule aliyezikwa Nyeri, Kenya. Miaka mitano baadaye, 1917, kikosi kimoja cha wasichana mjini Muskogee, Oklahoma, kilioka biskuti na kuziuza katika ukumbi wa chakula wa shule ya sekondari. Mwaka 1922 kiongozi mmoja wa Chicago, Florence Neil, alitoa maelekezo ya kupika katika jarida la wasichana hao, pamoja na hesabu yake: viungo vya dazeni sita hadi saba viligharimu kati ya senti 26 na 36, na kila dazeni iuzwe senti 25 au 30. Nilipoisoma hesabu hiyo nilicheka kwa furaha, kwani mama alikuwa akiipiga hiyohiyo jioni akipima mchele. Yaani mauzo ya dazeni mbili za mwanzo yanarudisha mtaji wote, na kuanzia ya tatu ni faida. Watoto wale walioka wenyewe jikoni kwa mama zao. Viwanda viliingia baadaye, kuanzia miaka ya 1930. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia sukari, unga na siagi vilipoadimika, wasichana waliuza kalenda badala yake. Hawakukaa nyumbani.

Siku hizi biskuti hizi zinaokwa na kampuni mbili tu zenye kibali: ABC Bakers na Little Brownie Bakers. Hii ya pili ni ya hapahapa Louisville, na mimi huwaambia wateja hivyo kwa fahari. Kila eneo la Marekani linachukua kwa mwokaji mmoja, ndiyo maana majina yanawachanganya watu. Shangazi wa binti yangu anaishi jimbo jingine na alikuwa akiniomba Caramel deLites. Hapa kwetu biskuti ya aina hiyo inaitwa Samoas. Peanut Butter Patties za huko ndizo Tagalongs za hapa. Ladha zinakaribiana lakini si moja, kwa sababu kila mwokaji ana vipimo vyake. Hata Thin Mints, ambazo jina lake ni moja kote, hazifanani moja kwa moja.

Sasa tulivyouza. Tulianza nyumbani, na kanuni yangu ilikuwa moja: mtoto aseme mwenyewe. Mimi nilisimama nyuma yake, kwa sababu watoto wadogo hawaruhusiwi kuuza bila mtu mzima, lakini mdomo wangu niliufunga. Mlango wa kwanza alinong’ona. Wa pili alisahau bei. Tulipofika kwa jirani yetu Mkongo, mama wa Bukavu, binti yangu akaanza kusema kwa Kiswahili, na hapo ndipo ulimi wake ulipofunguka: “Shikamoo mama, tunauza biskuti ili kikosi chetu kiende kambini, kila boksi dola sita.” Yule mama akaomba aeleze Samoas ni nini. Binti yangu akafikiri kidogo, akasema, “Ni kama kashata ya nazi, halafu imepakwa chokoleti.” Jamani! Sikumfundisha mimi. Mama alifungua boksi palepale mlangoni, akaonja, akasema, “Hii iko muzuri sana,” akachukua na mengine ya kupeleka kanisani. Kuanzia siku hiyo biskuti zilijiuza zenyewe kwa Waswahili wote wa mtaa.

Kisha ikaja meza ya nje ya duka kubwa la Kroger. Baridi ya Februari hapa inauma, lakini ndiko wateja waliko. Pale nilimwona mwanangu akibadilika. Mwanzoni alisubiri watu waje. Baadaye akajua kwamba anayeingia dukani ana haraka na anayetoka ana chenji, kwa hiyo anayeingia anasalimiwa tu, anayetoka ndiye anayeuziwa. Akajua pia kutaja lengo: hakusema “nunua biskuti”, alisema “tunaenda kambini na bado tunahitaji kidogo”. Mtu akisema hali sukari, alimwambia anaweza kulipia boksi likapelekwa kwa wanajeshi au benki ya chakula, wanaogawia wahitaji. Hayo ndiyo masomo ya biashara ambayo wengine wanalipia chuo kikuu. Mtoto aseme mwenyewe, narudia. Ukimsemea wewe, umeuza wewe, na yeye amepoteza msimu.

Nije kwenye lililoniumiza, na sitalipunguza. Kwenye kundi letu la WhatsApp, mtu mmoja ninayemheshimu aliagiza maboksi mengi kwa ajili ya sherehe yake. Binti yangu aliyaandika kwa mwandiko wake mzuri, tukayachukua, tukampelekea mpaka mlangoni. Hela hakutoa. Aliahidi, akaahidi tena, mwisho akaacha kupokea simu. Hapa lazima uelewe, mdogo wangu: mzazi akishasaini kupokea maboksi, deni ni lake. Nililipa mimi kutoka mfukoni. Hela nilishaisamehe. Kinachonichoma ni kwamba mtoto aliniuliza, “Mama, hakuzipenda biskuti zetu?” Na mtu huyohuyo, baadaye, akasema mbele za watu kwamba namfanyisha mwanangu umachinga Marekani. Umachinga! Mimi niliyesomeshwa na vitumbua.

Basi na wasikie wote wanaofikiri hivyo. Mtoto anayejua kumtazama mtu machoni, kumsalimu, kutaja bei, kurudisha chenji kamili na kusema asante hata akikataliwa, huyo amelelewa. Tunawaleta watoto nchi hii ili wasome na wafanikiwe, halafu tunawafundisha kuinamisha kichwa mbele ya kila mtu. Tunataka wawe wanasheria, madaktari, wenye kampuni, nao hawajawahi hata kumwomba mtu kitu na kujibiwa hapana. Hapana ni chakula pia, wakila wakiwa wadogo hawatadhoofika wakubwa. Na ninyi mnaoagiza kwa mtoto, lipeni. Kula biskuti ya mtoto bila kulipa ni dhuluma, iwe boksi moja au kumi. Mwambie binti yako achukue hela kwanza, ndipo atoe boksi. Si ukosefu wa adabu. Hata Mswahili mwenzako, hata mkubwa wako, hela kwanza.

Njia nyingine ni ukurasa wa mtandaoni unaoitwa Digital Cookie. Kila msichana anaweza kuwa na linki yake, wewe unaituma kwa jamaa walio majimbo mengine, wanalipa kwa kadi na wanatumiwa nyumbani. Ila usafirishaji una gharama, wenye kutaka boksi moja watalalamika. Washauri waagize kadhaa kwa pamoja.

Haya, ipi nzuri? Thin Mints ndiyo inayouzwa zaidi nchi nzima, lakini watu wetu wakiionja mara ya kwanza wanasema ina dawa ya meno. Ni mnanaa. Usibishane nao, waambie waiweke friza usiku mmoja wakaionje tena. Ikiwa ya baridi, ule mnanaa unatulia na chokoleti inakatika kwa mlio. Zaidi ya hayo haina maziwa wala mayai, kwa hiyo hata wanaofunga Kwaresima kwa kuacha vya wanyama wanaila. Tagalongs ina siagi ya karanga chini ya chokoleti, Do-si-dos ina siagi ya karanga katikati ya biskuti mbili za oti (oats). Uliza kwanza kama nyumbani kuna mtoto asiyepatana na karanga, hilo si la mzaha. Wateja Waislamu wanauliza kuhusu mafuta na jelatini, soma nao viambato ubavuni mwa boksi badala ya kubahatisha. S’mores usiahidi tena, imestaafishwa baada ya msimu wa 2025.

Lakini ya kwangu, ile ninayoificha juu ya kabati, ni Trefoils. Wengi wanaipita kwa sababu haina chokoleti wala karameli, ni biskuti ya kawaida yenye ladha ya siagi tu. Mimi naichovya katika chai ya maziwa yenye iliki, inalowa bila kudondoka kikombeni, na utamu wake haushindani na chai. Aliyekua na biskuti za Marie mezani atanielewa mara moja. Samoas naipa nafasi ya pili kwa sababu ya nazi, ingawa boksi lake lina biskuti chache kuliko la Thin Mints na bei ni ileile. Wateja watakuuliza hilo, mwandae mtoto ajibu kwa ukweli: sehemu ya hela inabaki kwa kikosi na kwa baraza la Girl Scouts la eneo, ndiyo maana bei si ya dukani.

Na dukani je? Msimu ukiisha, nyumba haiwezi kukaa bila biskuti, na sioni dhambi kununua zinazofanana. Aldi wanauza chini ya jina la Benton’s biskuti ya mnanaa iliyopakwa chokoleti, pamoja na ya nazi na karameli, kwa bei ndogo zaidi. Kampuni ya Keebler wana Grasshopper kwa wapenda Thin Mints na Coconut Dreams kwa wapenda Samoas. Ukizila utaona undugu, na upo kweli: mwaka 2019 Kellogg iliwauzia Ferrero, wale wenye Nutella, biskuti za Keebler pamoja na biashara ya kuoka hizi za Girl Scouts. Coconut Dreams naikubali. Grasshopper ni nyembamba na mnanaa wake ni mkali mno kwangu. Oreo, ambayo ni ya 1912 kama Girl Scouts wenyewe, nawanunulia watoto, mimi inanizidi sukari. Milano ya Pepperidge Farm naiweka kwa wageni, ina chokoleti nyeusi katikati na haichafui vidole.

Mbadala wa Trefoils dukani ni Lorna Doone, lakini haina ladha ya siagi ya kunitosha. Walkers ya Scotland ndiyo inayoishinda hata Trefoils yenyewe, kwa sababu ni unga, siagi halisi, sukari na chumvi tu, ila bei yake inanifanya niinunue sikukuu tu. Kwa hiyo mwezi wa Machi, kikosi kinapomalizia maboksi ya mwisho, nanunua Trefoils za ziada na kuziweka friza, pakiti zikiwa hazijafunguliwa, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri zisishike harufu ya samaki. Zinakaa miezi bila kuharibika. Ukizitoa, ziache mezani mpaka ubaridi uishe kabla ya kufungua, la sivyo zinatoka jasho na kulainika.