Muulize Mwalimu: Sisi tuko juu, maji yako bondeni

SWALI
Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la nne hapa Newala. Majuzi mwalimu wao aliandika ubaoni kwamba watu hupenda kuishi karibu na maji. Yeye akanyoosha mkono: "Mbona sisi tuko juu huku na maji yako bondeni?" Akaambiwa akae, anakili notisi, aache ujuaji. Tangu siku hiyo hanyooshi tena mkono. Baba yake anasema afadhali, mtihani hauulizi mambo ya Newala. Mimi roho inaniuma, ila sijui niende shuleni nikaseme nini.
Mama Z., Newala

JIBU
Marahaba, Mama Z. Shuleni usiende kwanza. Mpeleke mtoto kwa bibi yake.

Swali lake lina jibu. Uwanda wa Makonde, mlipo ninyi wa Newala, uko juu, udongo wake unanyonya mvua yote, na chemchemi zinatokea huko chini mabondeni. Waliopanda kuishi juu walitafuta usalama: karne ya 19 huku kulikuwa na misafara ya watumwa na mashambulizi ya Wangoni, na vile vichaka vizito vilikuwa boma tosha. Lakini haya usimwambie wewe. Amuulize bibi: enzi za usichana wake alichota maji wapi, aliamka saa ngapi, alirudi saa ngapi, mvua ikinyesha walikinga kwa chombo gani. Aandike mwenyewe, kwa maneno yake. Kisha amuulize mzee mwingine maswali yaleyale. Wazee wakipishana, usiwasuluhishe. Mwache mtoto aumize kichwa amwamini nani na kwa sababu gani.

Hapo sasa nenda shuleni, na daftari hilo mkononi, lawama uziache nyumbani. Sema: "Mwalimu, binti alipata swali kwenye kipindi chako, ametafuta majibu. Tunaomba dakika kumi awasomee wenzake." Mwalimu huyo simjui, lakini namfahamu, maana nilikuwa yeye.

Nilifundisha Lindi vijijini, darasa la watoto tisini na kitu. Siku moja nikawahadithia mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, pale pale mkoani kwao, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin, ambako kiunzi kimoja kimesimamishwa, kimo chake zaidi ya mita 13. Mvulana mmoja wa nyuma akauliza, "Ilibebwa na gari gani?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia asilete utani. Darasa likacheka, mimi nikapona.

Baadaye nikaja kusoma kwamba gari halikuwepo. Wapagazi ndio walioibeba kwa miguu, vichwani na mabegani, hadi bandari ya Lindi. Muhula uliofuata nikalirudisha swali darasani. Mzigo wote ulizidi tani 200, nikawaambia. Haya, mtu mmoja anabeba kilo ngapi? Wakabishana nusu saa. Mmoja akasema hamsini, wenzake wakamwambia akajaribu yeye. Tukakubaliana thelathini, tukagawanya: safari zaidi ya 6,600. Hesabu ile waliifanya hata wale waliokuwa wakisinzia kwenye kugawanya. Yule mvulana tu hakuwepo, alikuwa amehamia Nachingwea.

Baba Z. ana hoja, simbezi. Kwenye mtihani binti aandike "karibu na maji", apate alama yake. Ila mfundisheni neno "kwa kawaida", ajue kwamba kilichoandikwa ubaoni si uongo, na Newala yake nayo si uongo. Na mkumbushe mzee mwenzangu kuwa Mwalimu Nyerere, kwenye Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zitoe watu wenye akili ya kudadisi. Sisi chuoni tulikikariri kipengele hicho, tukafaulu, tukaenda kuwanyamazisha watoto wa watu.

Kwa bibi msiende mikono mitupu, kilo ya sukari inatosha. Na daftari likishaandikwa, nipigie picha ule ukurasa wa maji. Nataka kujua alikuwa anarudi saa ngapi.