Ramani ya delta-v: kwa nini hesabu imetoka kubwa mno?

SWALI: Nachora ramani ya delta-v, yaani gharama (badiliko la mwendo linalotakiwa) ya kuhamisha setilaiti kutoka obiti ya duara ya kilomita 300 hadi ile ya setilaiti za mawasiliano juu ya ikweta, kilomita 35,786. Roketi inatoka Cape Canaveral, kwa hiyo mwinamo wa obiti (pembe yake na ikweta) ni digrii 28.5. Nimeuondoa mwinamo kwanza, kisha nikapanda. Jumla imekuja 7.7 km/s, ilhali kila ninaposoma naona 4 na ushei. Nimekosea wapi? Na nikiandika kilo za mafuta kwenye kila mstari wa ramani, naweza kuzijumlisha?

JIBU: Hesabu zako ziko sawa, kilichokuponza ni mpangilio. Kule chini chombo kinakwenda 7.73 km/s. Kuugeuza mwendo huo kwa digrii 28.5 ni 2 × 7.73 × sin 14.25, yaani 3.80 km/s, na bado hujapanda hata mita moja.

Panda kwanza. Msukumo wa 2.43 km/s unakiweka chombo kwenye duaradufu ambayo kilele chake ni kilomita 35,786. Kikifika huko kinajikokota kwa 1.61 km/s tu, na hapo ndipo pa kugeukia. Lakini usigeuze kwanza ndipo uongeze mwendo, maana utalipa 0.79 na 1.47, jumla 2.26. Fanya yote kwa msukumo mmoja. Chora pembetatu: upande mmoja 1.61, wa pili 3.07 ambao ndio mwendo wa obiti unayoitaka, na pembe ya digrii 28.5 katikati yao. Upande wa tatu ndio bei: 1.83 km/s. Safari nzima inakuwa 4.26. Ukimaliza digrii 2.2 za mwinamo katika msukumo wa kwanza unaokoa kama 25 m/s zaidi. Ni kidogo, ila ni bure.

Kilo usizijumlishe, wala usiziandike kwenye ramani. Msukumo uleule hula mafuta tofauti kulingana na uzito wa chombo wakati huo na injini iliyofungwa. Ramani ibebe km/s. Kilo zipigwe mwisho, kwa kugawa delta-v kwa kasi ya gesi inayotoka kwenye injini, kisha kutafuta e (namba 2.718) kwa kipeo hicho. Mfano: setilaiti ya kilo 4,000 iko kwenye duaradufu, gesi inatoka kwa 3.14 km/s. Kwa 1.83 km/s, e kwa kipeo 0.583 ni 1.79. Gawa 4,000 kwa 1.79: zinabaki takriban kilo 2,230, nyingine zote zimeungua. Ingekuwa imerushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, karibu na ikweta, ikiwa na mwinamo wa digrii 6, msukumo wa mwisho ungekuwa 1.49 na zingebaki kama kilo 2,490. Hizo kilo 260 ni mafuta ya miaka kadhaa ya kuishikilia setilaiti mahali pake, kazi inayokula karibu 50 m/s kila mwaka. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili: setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, iliingia obiti yenye mwinamo wa digrii 3 hivi bila kulipia kugeuka.

Kwa ramani yako, weka mwinamo kwenye mhimili wa chini, 0 hadi 60, na urefu wa kilele kwenye mhimili wa kusimama. Usiukomeshe kwenye 35,786. Mwinamo ukiwa mkubwa, kupanda juu zaidi, kugeuka huko, kisha kushuka huwa nafuu. Mwaka 1998 kampuni ya Hughes waliizungusha setilaiti HGS-1 nyuma ya Mwezi mara mbili, baada ya roketi kuiacha kwenye obiti mbovu yenye mwinamo wa digrii 51 hivi, na mvutano wa Mwezi ukafanya sehemu kubwa ya kazi ya kuugeuza.

Namba zote hizi zinachukulia msukumo ni wa papo kwa papo. Injini ya niutoni 400 itahitaji karibu saa 3 na dakika 50 kutoa ule wa 1.83, kwa hiyo ugawe katika vilele kadhaa. Mzunguko mmoja wa duaradufu ni saa 10 na nusu. Kwa injini za umeme zinazosukuma taratibu miezi mizima, ramani hii haifai kabisa: safari hiyohiyo kutoka kilomita 300 inakuwa 5.95 km/s, na fomula yake ni nyingine.