Ukihama Nyumba, Hama na Kura Yako

Nilipoapishwa kuwa raia wa Marekani mwaka 2021, nilijaza fomu ya kujisajili kupiga kura siku hiyo hiyo, hata kabla sijapiga picha na cheti changu. Nikajua nimemaliza. Kwetu Kenya ukishasajiliwa katika kituo fulani, jina lako linakaa hapo mpaka uombe mwenyewe lihamishwe. Unaweza kuishi Nairobi miaka kumi, na uchaguzi ukifika ukapanda gari kwenda kupiga kura mashambani kwenu. Minnesota, jimbo ninaloishi, haiko hivyo. Hapa kura inafuata mahali unapolala, na ukihamia hata mtaa wa pili, kituo chako chaweza kuwa kingine.

Hayo niliyajua tarehe 8 Novemba 2022, siku ya kumchagua gavana na bunge la jimbo. Mwezi Septemba nilikuwa nimehama kutoka nyumba moja ya kupanga hapa Brooklyn Park hadi nyingine, mwendo wa dakika tano kwa gari, nikaingia kwa binamu yangu. Jioni ile, kabla ya zamu ya usiku katika makao ya wazee ninakofanya kazi, nilipitia kituo changu cha zamani. Karani alilipata jina langu, akaniuliza kama bado naishi kwenye anwani ile. Nikamwambia ukweli. Akaniandikia mahali kilipo kituo changu kipya, akasema naweza kujisajili huko huko na kupiga kura, mradi nionyeshe kitu kinachothibitisha ninapoishi.

Sikuwa nacho. Leseni yangu ya dereva ilikuwa na anwani ya zamani. Mkataba wa nyumba na bili ya stima vilikuwa kwa jina la binamu yangu, na yeye bado hajawa raia. Nilifika kituo kipya saa moja na robo usiku, nao mlango unafungwa saa mbili.

Mama aliyekuwa kwenye meza ya usajili aliniuliza: una jirani anayekufahamu, aliyesajiliwa katika eneo hili? Hapo ndipo nilipojua kwamba sheria ya Minnesota inamruhusu mpiga kura wa eneo lako la kura akudhamini. Anakuja mwenyewe kituoni na kutia sahihi kiapo kwamba anajua kwa hakika unaishi pale. Nikampigia simu mama mmoja Mliberia wa ghorofa ya chini, ambaye nilizoea kumbebea mifuko yake ya sokoni. Alikuja amevaa koti zito juu ya nguo ya kulalia, fimbo mkononi, miwani imening'inia kifuani. Alikisoma kile kiapo neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, ndipo akaandika jina lake polepole. "Yangu nilipiga asubuhi, mwanangu," akaniambia. "Nenda upige yako."

Mtu mmoja anaweza kudhamini hadi watu wanane, ila wewe uliyedhaminiwa huwezi kumdhamini mwingine siku hiyo. Na ukiwa umeshapanga foleni saa mbili inapogonga, utapiga kura hata foleni iwe ndefu vipi. Usikubali kuondoka.

Lakini usifike huko nilikofika mimi. Wiki unayohama, ingia mnvotes.gov ubadilishe anwani. Unahitaji namba ya leseni au tarakimu nne za mwisho za namba yako ya hifadhi ya jamii, na barua pepe. Usajili wa mapema hufungwa siku 21 kabla ya uchaguzi. Ukichelewa, bado unaweza kujisajili siku yenyewe kwa leseni yenye anwani mpya, au leseni ya zamani pamoja na bili ya karibuni yenye jina lako na unapoishi, hata kama bili hiyo iko kwenye simu. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaokaa kwa jamaa: hakikisheni bili moja, hata ya simu, inakuja kwa jina lenu.

Sasa neno zito kwa ndugu zangu wenye grini kadi. Kulipa kodi na kuwa na leseni hakukupi haki ya kupiga kura. Mtu akikuletea fomu sokoni au kanisani, uliza ni ya nini kabla hujatia sahihi, na swali la uraia lijibu kwa ukweli mtupu. Fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi kujisajili au kupiga kura, na kosa hilo linaweza kukufukuzisha nchini. Subiri kiapo chako. Kura itakungoja.

Wengi wetu tunajitokeza mwaka wa rais tu. Inaniuma, kwa sababu mambo yanayotugusa kila siku huamuliwa pale Saint Paul, makao makuu ya jimbo letu. Uchaguzi ule wa 2022 ulikipa chama cha DFL, yaani Democrats wa Minnesota, wingi wa maseneta wa jimbo 34 kwa 33. Mwaka uliofuata bunge hilo likapitisha chakula cha bure kwa watoto shuleni, leseni za udereva bila kujali hali ya uhamiaji, na bodi ya kupanga viwango vya chini vya mishahara ya sisi tunaotunza wazee katika makao yao. Mwaka 2024 kiti kimoja cha bunge kule Shakopee kiliamuliwa kwa kura 14, na baraza zima la wawakilishi la jimbo likatoka sare, 67 kwa 67. Kura 14 ni watu wa ngazi moja ya jengo letu.

Kama unafanya zamu mbili, piga mapema. Mlango hufunguka siku 46 kabla, kwa posta au katika ofisi ya kaunti. Na siku yenyewe mwajiri anatakiwa na sheria akupe muda wa kwenda kupiga kura bila kukukata mshahara, mwambie mapema. Mzazi asiyesoma Kiingereza vizuri aende na mtu anayemwamini amsaidie, ila msaidizi huyo asiwe mwajiri wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Tazama mfano wa karatasi ya kura nyumbani, na ukishika ile yenyewe, igeuze. Mara ya kwanza niliacha upande wa nyuma mtupu, na huko ndiko waliko majaji, maana hapa nao huchaguliwa kwa kura. Ukijaza kiduara vibaya, usifute, omba karatasi nyingine. Na katika mchujo wa Agosti, ambako vyama huchagua wagombea wao, baki katika safu ya chama kimoja, ukichanganya vyama kura hizo haziwezi kuhesabiwa.

Novemba 2024 nilikuwa tayari na anwani yangu. Saa kumi na mbili jioni simu ikalia: kijana Mrundi wa ghorofa ya tatu, raia wa miezi minne, alikuwa kituoni na leseni ya jimbo jingine, Iowa, mkononi. Nikavaa koti.