Terminali ndani ya Vim: mkuu, anza na alama ya mshangao kwanza

Mkuu, kama nimekuelewa: unaandika skripti kwenye Vim, kihariri cha maandishi, na kila ukitaka kuijaribu unatoka, unaiendesha, unarudi, kisha unaanza kutafuta ulikuwa mstari gani. Mtu akakwambia uandike :terminal. Ukaandika, dirisha likagawanyika, sheli ikatokea (siyo ile ya mafuta, ni programu inayopokea na kuendesha amri zako), halafu ukanasa humo. Esc haikutoi, na :q inaandikwa tu pale kama maneno mengine. Pole, hapo tumepita wengi.

Nianze kukutoa. Ukiwa ndani ya dirisha hilo, kila unachobofya kinapelekwa kwenye sheli, isipokuwa Ctrl-W. Hiyo Vim inaikamata yenyewe. Bofya Ctrl-W kisha N kubwa, na terminali yote inageuka maandishi ya kawaida: unapanda juu, unatafuta kosa kwa /, unakopi kwa y. Ukitaka kuendelea na amri zako, bofya i. Kurudi kwenye faili ni Ctrl-W kisha p. Wenye Neovim, ndugu yake Vim, wao hutoka kwa Ctrl-\ ikifuatiwa na Ctrl-N. Kufunga kabisa, andika exit humo humo kwenye sheli. Usikimbilie :q! kwa sababu inaua na kazi iliyokuwa ikiendelea.

Sasa hiyo Ctrl-W ndiyo iliyonitesa mimi. Kwenye bash, sheli ninayotumia, Ctrl-W hufuta neno la mwisho, na vidole vyangu vilishazoea hivyo miaka. Siku moja nimeandika git psuh badala ya git push (amri ya kutuma kodi kwenye hazina ya mbali), nikaona nimekosea, nikabofya Ctrl-W nifute, nikaandika push, nikapiga Enter. Kimya. Naangalia juu, faili langu limebadilika. Ikabidi nikae chini nifuatilie herufi moja moja: Ctrl-W na p zilinirudisha kwenye faili; u ikatengua badiliko langu la mwisho; s ikafuta herufi moja na kuanza kuandika; h ikaingia mahali pake; Enter ikavunja mstari. Amri moja ya git, na skripti imeharibika sehemu mbili bila mimi kujua. Dawa yake ni kubofya Ctrl-W kisha nukta, hapo Vim inaipitisha Ctrl-W kwenye sheli nayo inafuta neno kama kawaida. Au bofya Backspace polepole kama mstaarabu.

Ila kwa ulivyoeleza kazi yako, sidhani kama unahitaji terminali. Unahitaji alama ya mshangao, yaani !. Andika :w|!python3 % na Vim itahifadhi faili, itaiendesha, itakuonyesha matokeo, na ukipiga Enter unarudi kwenye mstari ule ule. Hiyo % ni jina la faili ulilofungua, huna haja ya kuliandika. Ukitaka matokeo ya amri yaingie ndani ya faili lenyewe, ni :r !date, au amri yoyote badala ya date. Ukiwa na orodha ndefu ya majina yaliyojirudia, :%!sort -u inaipanga na kuondoa marudio papo hapo. Kuita amri ya nje kwa alama ya mshangao si jambo la jana, lilikuwepo tangu kwenye ed, kihariri cha Ken Thompson cha Unix ya mwanzo. Dirisha la terminali ndilo geni: lilikuja na Vim 8.1 mwezi Mei 2018. Kabla ya hapo, maelezo ya Vim yenyewe yalikuwa yanasema wazi kwamba Vim si sheli na usitegemee kuendesha sheli ndani yake.

Angalia tu zile nafasi tupu kati ya herufi. Ukichagua mistari kadhaa ukaandika :'<,'>w !bash, mistari hiyo inaendeshwa na wewe unaona matokeo, faili haliguswi. Ukisahau w, yaani :'<,'>!bash, mistari inaendeshwa kisha inafutwa na matokeo yanakaa mahali pake. Na ukisogeza ile nafasi ikawa :w! bash, umehifadhi faili jipya linaloitwa bash. Kubofya u kutakurudishia maandishi yako, lakini kama mmoja wa mistari hiyo ulikuwa rm, amri ya kufuta mafaili, hilo halirudi.

Terminali ya ndani mimi naifungua pale ninapohitaji kitu kinachoendelea huku naandika: seva ya majaribio, au logi ninayoifuatilia kwa tail -f. Naandika :term ++rows=10 isinimalizie kioo. Git commit humo ndani naandika na -m (ujumbe unakaa kwenye amri yenyewe), la sivyo git inaweza kukufungulia Vim ndani ya Vim na utachanganyikiwa ipi ni ipi.

Kitu kimoja usifanye: kazi ndefu kwenye seva ya mbali. Niliwahi kuingia kwenye seva ya mteja kwa ssh, nikafungua Vim, na ndani yake :terminal, nikaanzisha mysqldump (amri ya kutoa nakala ya hifadhidata) ya hifadhidata kubwa. Intaneti yangu ilikuwa ya simu. Bando likaisha katikati. Muunganisho ulipokatika Vim ikafa, na kilichokuwa ndani yake kikafa nayo, maana sheli ile ni mtoto wa Vim. Maandishi niliyapata kwa vim -r kutoka kwenye faili la swp, nakala ya dharura ambayo Vim huiweka yenyewe. Dump ilikuwa nusu, na nikaianza upya saa tano usiku. Tangu hapo kazi za namna hiyo ziko kwenye tmux, programu inayoziendeleza kwenye seva hata muunganisho ukikatika, na Vim inakaa ndani ya tmux, siyo kinyume chake.

Kwa mwingine atakayepita hapa na :terminal ikamkatalia: kwenye Debian na Ubuntu mara nyingi kilichopo ni vim-tiny, toleo dogo la Vim, nayo haina kitu hicho. Endesha vi --version | grep terminal. Ukiona -terminal badala ya +terminal, weka kifurushi cha vim kamili. Mkuu, na wewe ukikwama tena, bandika hapa mstari huo pamoja na amri uliyoandika, nafasi zake zote zikiwemo.