Maswali ya Wasomaji: Mfumo Endeshi wa Kifaa Kidogo

Swali: Ndugu Mhariri, ninatengeneza kipima unyevu wa udongo kinachotumia betri. Kwa nini Linux, ule mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kifaa), haiingii katika chipu yake, na nitumie nini badala yake?

Jibu: Linux huhitaji megabaiti kadhaa za kumbukumbu, ilhali chipu za namna hiyo huwa na kilobaiti chache tu. Ninakushauri ujaribu RIOT, mfumo endeshi huria uliozinduliwa mwaka 2013 na watafiti wa Ujerumani na Ufaransa, ambao kwa umbo lake dogo kabisa hutosheka na takriban kilobaiti 1.5 za kumbukumbu ya muda. Kwa mtu anayetegemea betri, uzuri wake mkubwa ni kwamba haulazimiki kuamka kila mara kukagua kazi: zinapokwisha, chipu hulala usingizi mzito mpaka kipima muda au kihisi kiiamshe. Utaandika programu yako kwa C, lugha ya kuandikia programu, na, jambo ninalolithamini sana, unaweza kuijaribu programu yako ndani ya kompyuta yenye Linux kabla hujanunua bodi yoyote. Leseni yake, LGPL 2.1, inakuruhusu kuuza kifaa chako bila kulipa ada. Ila ukiubadilisha msimbo wa RIOT wenyewe, huna budi kuwapa wanunuzi wako mabadiliko hayo.